Theluji ya Chokaa

Mimi kazi yangu ni kuongea. Ukioa hapa Kisumu mimi ndio nashika maiki, ukifa pia ni mimi, na suti ni ile ile moja, natoa tu ua kwa mfuko. Kuna watu nimewaozesha, wakaachana, nikawaozesha tena na wengine, na mara zote mbili nilisema hii ni ndoa ya milele. Hakuna mtu alinidai maneno yangu. Kila mtu ananiita Redio, tangu shule, na masomo yangu iliishia Form Two muhula wa tatu, kwa hivyo ukipata makosa humu ndani usinitafutie mwalimu. Yule aliyenifundisha Kiswahili alisema nikiongea hiyo lugha inatoka damu. Alikuwa anatania. Lakini kuna siku ilitoka, na hiyo siku ndio nataka kusema.

Niko na hadithi moja ambayo imenilisha maisha yangu yote. Watu wanaiita "ile ya Wanarudi". Nimeisema kwa harusi za Milimani na matanga za Bondo, nimewasemea akina mama pale Dunga wakiwa kwa sufuria ya mafuta, wakacheka mpaka samaki ikaungua. Ni hadithi ya vijana wa shule wakiigiza vita ya Napoleon, majeshi mawili, kila moja inakimbia ingine. Mtu aliyeisikia kuliko wote ni rafiki yangu Wafula, fundi wa baiskeli, mtu wa Bungoma aliyekaa Manyatta mpaka akazeeka. Shule tulikuwa dawati moja. Nikifanya harusi hapa karibu alikuwa anakuja, anakaa mstari wa mbele na miwani yake nyeusi, na mimi namwonyesha kwa kidole: "Huyo ndio alikuwa Mfaransa wa mwisho!" Watu wanapiga makofi, yeye anacheka pamoja nao. Halafu nikishamaliza, wengine bado wanafuta machozi, Wafula anaacha kucheka, anainama mbele kidogo, kichwa upande, kama mtu anangoja taarifa ya habari iishe. Nilidhani ni masikio. Si tulikuwa tumezeeka?

Alikufa mwezi uliopita, ugonjwa wa sukari. Mke wake, Mama Sela, aliniita nyumbani tupange vile watu watamuaga hapa Kisumu kabla gari impeleke Bungoma. Sebule yao ni ndogo, viti vimevaa vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono, na kwa kona kulikuwa na gurudumu la baiskeli ambalo mwenyewe hajakuja kulichukua. Mama Sela aliweka chai ya tangawizi na mandazi. Mimi nikaanza mizaha yangu, nikamwambia Wafula ameenda kutengenezea malaika baiskeli kwa sababu mabawa imechoka. Akatabasamu kwa heshima tu.

"Shemeji Redio," akasema, "alitaka uiseme ile hadithi."

"Ya Wanarudi? Hiyo mimi nasema hata nikiwa nimelala. Watacheka mpaka wasahau wamekuja kulia."

"Alisema uiseme yote."

"Yote ndio hiyo, Mama Sela."

Akaangalia kikombe chake. "Alisema, 'Mwambie Redio aseme na mara ya pili.' Nikamuuliza mara ya pili ni gani. Akasema wewe unajua."

Nilimeza mandazi bila kutafuna. Nikasema nitaona, nikasema program ni ndefu, mchungaji pia ako na mahubiri. Nilitoka hapo nikitembea haraka kama mtu ameacha sufuria kwa moto, na njia nzima mpaka nyumbani nilikuwa Form Two.

Shule yenyewe ilikuwa Seme, ukipita Kombewa ukishuka chini kwa ziwa, majengo ya mawe na mabati, na nyuma ya uwanja wa mpira kulikuwa na kijito kinaingia kwa mafunjo. Ukikaa bwenini unasikia vyura na unasikia Form Four wakipiga Form One, na baada ya wiki mbili masikio haitofautishi tena. Form One tuliwaita mono. Mono alikuwa anafua nguo za wakubwa, anabeba maji ya wakubwa, na jioni kwa dining mkubwa akipita anachota maharagwe kwa sahani yake kwa mkono, hivi, bila hata kumwangalia uso. Mwaka uliotangulia tulifanyiwa hayo yote mimi na Wafula. Mwaka huo tulikuwa Form Two, hatupigwi sana na hatupigi sana, na ningekuwa na akili ningeona hapo ndio mahali pazuri pa kukaa duniani. Githeri ilikuwa kila siku. Wadudu waliokuwa kwa maharagwe tuliwaita nyama, na Ijumaa tukipewa omena tulikaa wima kama watu wa hoteli.

Wafula alikuja shuleni bila neno moja la Dholuo na mimi nilikuja na Kiswahili ya kuomba chumvi. Tukafanya mkataba kwa dawati. Yeye ananifundisha Kiswahili, mimi namfundisha Dholuo, na malipo ni parachichi nusu kwa nusu. Kitu cha kwanza kilichomshinda kilikuwa maneno mawili, *dok* na *duogo*. Ukisema mtu *odok*, ameenda zake, amerudi kwao alikotoka. Ukisema *oduogo*, amekuja tena huku kwetu. Wafula akasema, "Lakini hiyo yote ni kurudi!" Nikamwambia, "Kwenu ni neno moja kwa sababu nyinyi hamjui kama mtu anakuja ama anaenda." Alicheka sana. Nilimfundisha wiki nzima. Namsukuma mpaka mlangoni nasema *dok*, namvuta mpaka dawatini nasema *duogo*, mpaka ikaingia. Ile siku aliipata bila kukosea nilimpa nusu yangu ya parachichi. Nakwambia hii mapema uijue. Kwa hadithi yangu ya harusi hii sehemu huwa haiko.

Mwalimu Aduda ndiye alituletea hiyo vita. Alikuwa wa historia, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, na alipenda Napoleon kama vile wengine wanapenda timu ya mpira. Alitusomea jinsi lile jeshi kubwa liliingia Urusi likiimba na likatoka likikula farasi zake. Njaa, baridi, na nyuma yao Warusi wanafuata, hawana haraka. Wakafika mto. Mafundi wa daraja wakaingia ndani ya maji ya barafu mpaka kifuani wakashika mbao, jeshi likavuka, na asubuhi moja daraja likachomwa moto wakati maelfu bado walikuwa ng'ambo ile ingine wameketi, wamechoka, hawajavuka. "Mnajua watu wanakufa lini kwa vita?" akauliza Mwalimu. Tukasema wakipigana. Akatikisa kichwa, anafurahi kweli kweli. "La. Wakipigana wanaangaliana, na ukiangaliana na mtu unakuwa na huruma ama uoga kidogo. Wanakufa wakigeuka. Mtu akikupa mgongo unasahau ni mtu." Mimi nikasema, "Mwalimu, na akikupa makalio?" Nikapigwa viboko viwili. Ilistahili.

Siku ya wazazi ikawa inakuja, na mgeni wa heshima angekuwa Bwana DO, afisa wa tarafa, mtu wa Pwani ambaye Kiswahili yake ilikuwa inateleza. Mkuu wa shule akaamua igizo liwe kwa Kiswahili, mgeni asikie. Mwalimu Aduda akagawa majeshi. Form Three na Form Four wakawa Warusi, wanaofukuza. Mono wote wakawa Wafaransa, wanaokimbia, wamejifunika mablanketi na kutetemeka, na jua ya Seme iko juu inawachoma mpaka blanketi zinatoa harufu. Mono walijifunza kutetemeka haraka sana. Walikuwa na mazoezi ya mwaka mzima. Mkuu wa Warusi alikuwa kiranja mkuu, tulimwita Bomu, Form Four mwenye masharubu na ndevu ambaye watu walisema ana mke nyumbani. Wafula alipewa kazi ya kamanda wa walinzi wa nyuma, yule anabaki wa mwisho mpaka mono wote wavuke kijito. Daraja ilikuwa miti miwili ya mkaratusi. Na mimi, kwa sababu ya mdomo, nikapewa kipaza sauti cha siku ya michezo na nikapandishwa juu ya tangi la maji. Mimi ndio macho ya Warusi. Mimi naona Wafaransa wakigeuka, napiga kelele, Warusi wanafuata polepole, mono wanavuka, Mwalimu anachoma matita ya mafunjo makavu pale kwa daraja, mwisho, soda na mkate.

Theluji ilikuwa chokaa. Tulianza na ile ya kuchora uwanja, ikaisha kwa mazoezi, na Mwalimu akachukua gunia ya stoo iliyonunuliwa ya kumwaga kwa shimo la choo. Mpishi mkuu, Mzee Odongo, nilimsikia mwenyewe nikingoja sahani dirishani, akamwambia, "Mwalimu, hiyo ya choo inachemka ikiona maji." Mwalimu akasema ni ya kumwagwa chini tu. Kila Mrusi akapewa mfuko wa sukari umejaa theluji, atembee akimwaga njiani. Ilikuwa inapendeza sana. Nyasi zote zikawa nyeupe. Kutoka juu ya tangi ungeapa ni Urusi, kama si ng'ombe wa shule waliosimama katikati.

Wiki ya mwisho, kwa mazoezi, Wafula akafanya kitu ambacho hakikuwa kwa karatasi. Warusi walikuwa wanafuata, wanapiga mono kwa fimbo za mahindi, na hizo fimbo kila siku zilikuwa zinakuwa nzito. Wafula akainua mkono, na mono zaidi ya thelathini na mablanketi zao wakageuka pamoja, wakawarukia. Bomu akaanguka matopeni kwa mgongo, miguu juu. Shule nzima ilicheka, mpaka wapishi walitoka nje na miko. Bomu aliamka polepole, akajipangusa masharubu, akatabasamu. "Wafula," akasema, "siku ya wageni utanitambua." Jioni hiyo kwa dining hakuna mono aliguswa sahani. Walikula maharagwe yao yote mpaka mwisho, na walikuwa wanamwangalia Wafula kama vile watu wanaangalia picha ya Yesu. Mimi nilikuwa kando yake. Kama unataka kujua ukweli, sikupenda. Mtu wa kuchekesha watu pale nilikuwa mimi.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe Wafula hakunisumbua, aliniambia kitu kimoja tu tukiwa tunaosha sahani. "Redio, kesho useme 'wanarudi nyuma'. Usisahau 'nyuma'. Ukisema 'wanarudi' peke yake, hawa wenzako watasikia *giduogo*, wanakuja."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Nakukumbusha tu, ndugu yangu. Bomu anangoja tumrukie tena. Ameniambia."

Wazazi walikuja wengi, wameketi kwa viti vya darasa chini ya turubai, Bwana DO katikati na kofia yake ya kazi, kila mara anaipangusa. Mimi niko juu ya tangi, bati linachoma miguu, na kutoka hapo naona yote, ziwa, mafunjo, miti miwili, mono na mablanketi. Mwalimu akapuliza filimbi, akavuka kwenda kungoja ng'ambo ya kijito na kiberiti. Wafaransa wakafika katikati ya uwanja, wakatetemeka vizuri, wakageuka kuelekea kijito. Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Kwa kichwa nilikuwa na *gidok*, wanaenda zao. Nikafungua mdomo ikatoka, "Wanarudiii!"

Na "nyuma" haikutoka. Nakuapia hiyo ya kwanza ilikuwa makosa. Hiyo ndio ile watu wanacheka. Kwa sababu Warusi, wanaume wa masharubu, walisikia *giduogo*, Wafaransa wanakuja, na wakakumbuka matope ya wiki iliyopita, na jeshi lote la Urusi likageuka likakimbia! Wanatupa mifuko, wanakanyagana, mmoja akaingia kwa turubai akajificha nyuma ya mama yake. Huku mono wakisikia vishindo wakadhani wanafukuzwa kweli, wakakimbilia kijito. Majeshi mawili, moja inaenda kusini ingine kaskazini, na katikati uwanja mweupe mtupu na ng'ombe mmoja. Bwana DO alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alikuwa anapiga goti la mkuu wa shule. Wazazi walikuwa wanalia kwa kicheko, na vidole vyote vinaonyesha juu, kwa tangi, kwa mimi. Harusini huwa namalizia hapa, nainama, makofi.

Sasa sikia ingine. Kicheko kiliisha kidogo, vile moto unapungua ukikosa kuni. Bomu alisimama karibu na jiko la shule, anahema, akageuka. Akaona uwanja hauna mtu na akaelewa amekimbia bure, mbele ya wazazi wake. Kutoka pale chini kijito hakionekani, kuna mteremko. Akaniangalia juu, uso umekuwa mweusi tititi. "Redio! Wanafanya nini?"

Mimi nilikuwa naona. Upande wetu hakuna mtu mwingine alikuwa anaona. Mono walikuwa wanavuka miti mmoja mmoja, wanashikana mashati. Huku upande wetu alikuwa amebaki Wafula peke yake na mono mmoja mdogo ambaye blanketi yake ilikuwa imenasa kwa miiba. Wafula alikuwa ameweka fimbo yake chini. Naiona hata sasa ile fimbo. Alikuwa amepiga magoti anamtolea yule mtoto blanketi, ametupatia mgongo. Ilikuwa niseme neno moja. "Wameenda." "Wamevuka." "Basi." Na chini ya turubai watu walikuwa wamenyamaza wote, wameinua nyuso, Bwana DO ameshika kofia kwa mkono mdomo wazi, ananingoja mimi, mtoto wa maharagwe yenye wadudu. Sijawahi kungojewa hivyo. Nilijua *dok* na nilijua *duogo*. Nilikuwa nimezifundisha kwa parachichi. Nikainua kipaza sauti, nikaiimba kabisa, na mkia mrefu: "Wanaruuudiii!"

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Bomu akaokota mfuko wa chokaa na wenzake wakaokota yao, na mara hii hawakukimbia kwenda jikoni. Walishuka mteremko kama watu ishirini. Wafula alisikia, akasimama, akamsukuma yule mono kwa miti, nenda, nenda, na alipogeuka walikuwa wamefika. Aliinua mikono yote mbili, mitupu. Walimpiga kwanza na fimbo. Huku upande wetu hakukuwa na mtu wa kuangalia isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa natangaza. Eeh, nilikuwa natangaza! "Warusi wamefika mtoni! Theluji inanyesha!" Turubai nzima inapiga makofi. Bomu alimshika Wafula kwa nywele, akamgeuza uso juu, na akamwagia mfuko wote usoni, polepole, kama mama anamwagia mtoto maji. Wengine wakaongeza. Wafula alitafuta daraja kwa mikono. Lakini Mwalimu Aduda, ng'ambo ile, ameinamia mafunjo yake, alikuwa ameona mono wa mwisho amefika, na kwa hesabu yake huyo ndio alikuwa wa mwisho, akawasha mafunjo. Moshi ukafunika kila kitu. Wafula akabaki upande wa Warusi, sawasawa na kitabu, na kwa sababu macho yalikuwa yanawaka akafanya kile mtu yeyote angefanya. Akaweka uso ndani ya maji.

Sauti iliyotoka hapo haikuhitaji kipaza sauti. Makofi yakaisha moja moja. Mwisho alibaki mzazi mmoja tu anapiga, halafu naye akaacha.

Jicho la kushoto lilikufa. La kulia lilibaki na ukungu. Siku ya tatu tuliitwa ofisini kwa mkuu, mimi, Bomu, na Wafula na bandeji kichwa nzima isipokuwa pua na mdomo. Nikasema, "Mwalimu, ni Kiswahili. Nilikosea Kiswahili." Mkuu akamuuliza Wafula. Bandeji ikageuka upande wangu. Akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Kiswahili yake ni mbaya." Bomu akafukuzwa shule. Mwalimu Aduda akahamishwa, aliondoka na sanduku moja na hakuaga mtu. Mimi nikapewa adhabu ya kuosha masufuria ya jikoni, na nikiwa nimeinama ndani ya sufuria nikasikia Mzee Odongo akimwambia mpishi mwenzake, hakujua niko karibu ama alijua: "Makosa? Yule kijana wa tangi alikuwa anaona mpaka Uyoma, ng'ambo ya maji." Mwenzake akasema, "Nyamaza, yawa." Nikasugua hiyo sufuria mpaka ikapata tundu.

Wafula aliporudi darasani alikaa mahali pake, na mimi nilikuwa kushoto kwake, upande wa jicho lililokufa. Alikuwa lazima ageuze kichwa chote ndio anione. Hakugeuza. Alinipa nusu ya parachichi kama kawaida, akiisukuma kwa mkono juu ya dawati bila kuangalia, na hiyo ndio ilinishinda. Viboko ningevumilia. Muhula ukiwa katikati nikabeba sanduku, nikaambia watu masomo yamenikataa. Ofisi ya Bwana DO ilikuwa inatafuta mtu wa kushika kipaza sauti kwa baraza, na alinikumbuka. Alisema, "Kijana huyu ana kipaji." Ndio hapo nimetoka. Ile sauti ya tangi ndio hii natumia mpaka leo.

Siku ya kumuaga Wafula, watu walijaa uwanja wa nyuma ya kanisa, mafundi wa baiskeli wamekuja na baiskeli zao wamezipanga ukutani. Gari ya Bungoma ilikuwa imewasha injini. Nikashika maiki, nikaanza. Nikawapa mablanketi, nikawapa ng'ombe, nikawapa kofia ya Bwana DO ikianguka, na walicheka vile nilijua watacheka. Hapo mahali pa kuinama sikuinama. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nikasema, "Sasa kuna mara ya pili. Mara ya pili sikukosea. Nilimwona ameweka fimbo chini, na nikasema wanarudi, kwa sababu nilitaka watu wacheke."

Halafu fundi mmoja kule kwa ukuta akapasuka na kicheko, akapiga kengele ya baiskeli, ngring, na wote wakafuata. "Redio, utatuua!" "Huyu mzee ni shetani!" Nikasema, "Si mzaha, jamani, mimi ndio nilimtoa jicho." Wakacheka zaidi, wengine wanashikana mabega. Nilijaribu sauti ya kulia. Hiyo ndio iliwamaliza kabisa. Kumbe sina sauti ingine. Miaka yote hiyo nimewafundisha kitu kimoja, na wameshika kuliko vile Wafula alishika *dok* na *duogo*.

Mama Sela alikuwa hacheki. Alisimama, akaja na kanga yake nyeusi mpaka nilipo, akachukua maiki kwa mkono wangu, akaizima.

"Tumesikia, Shemeji. Kaa chini."

"Alijua?" nikamuuliza. "Na pale ofisini alinitetea, Mama Sela. Alisema Kiswahili yangu ni mbaya."

"Alijua siku hiyo hiyo. Aliniambia mtu aliyemfundisha maneno hawezi kuyakosea, na leo ndio nimeelewa ni maneno gani." Alikuwa anaongea chini, kama mtu anasoma dawa inanywewa mara ngapi. "Na hakukutetea. Alikuwa anangoja useme mwenyewe. Kila harusi alikuwa anavaa shati ya pasi, namwambia hii hadithi si umeisikia, anasema, 'Labda leo atafika.' Anarudi nyumbani, anaivua."

Jeneza likaingizwa kwa gari. Watu wa familia wakakaa, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kwa ubao mwembamba kando ya jeneza. Nikaangalia kichwa kimelala upande gani. Ile nafasi ilikuwa upande wake wa kushoto. Mama Sela hakuniambia nipande na hakuniambia nisipande. Nikapanda, nikakaa hapo mahali pangu pa zamani, magoti yakigusa mbao. Wakati mlango unafungwa, jirani mmoja alikuja mbio na ndoo ya maji mkononi, akamuuliza yule fundi wa kengele, "Kwani hawa wanarudi?" Yule fundi hakujua. Akainama kwa dirisha akaniuliza mimi, uso umeshaanza kutabasamu kungoja jibu.

Nikaangalia mbele.